Simu inadhani ni wewe umeishika: kumlinda mtoto mtandaoni ukiwa mzazi wa Nairobi

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mnafika nyumbani saa mbili usiku jam ya Jogoo Road imewamaliza, na kabla hujavua viatu mtoto ashachukua simu kwa mkono, hii nimewaandikia nyinyi. Mimi niko na saiba ndogo huku Umoja, naprinti, nasaidia watu na eCitizen na mambo ya KRA, na haipiti wiki kabla mzazi hajaingia akaniuliza kwa sauti ya chini, "mama, hebu niangalilie, hii kitu mtoto amefungua hapa ni nini?" Na si watu wajinga hao. Ni watu wameendesha biashara na kusomesha, ila simu walijua kupiga, kutuma pesa na WhatsApp, basi, na mtoto akajifunza hayo mengine yote peke yake bila mtu mzima karibu.

Nianze na yaliyonipata mimi. Kijana wangu yuko Grade 5, na hana simu, anatumia yangu. Jumamosi moja alikuwa anacheza gemu ya risasi, hizo za kucheza na watu hamjuani, na mmoja wao akamwahidi daimondi za bure, zile pesa za ndani ya gemu, ati kuna meseji itaingia na namba sita, wewe nisomee tu. Meseji ikaingia, akamsomea. Hiyo ilikuwa kodi (code) ya WhatsApp yangu, ile namba ya kufungulia akaunti. Dakika kumi baadaye nimetolewa kwa akaunti, na kufika jioni kuna mtu anaandika kwa grupu yetu ya chama kwa jina langu, ati mtoto amelazwa, mnisaidie na 3,500. Mama mmoja akatuma. Nilirudisha akaunti kwa kuingiza namba yangu tena na kupokea kodi mpya, lakini yule mwizi alikuwa ameshaweka PIN yake mwenyewe juu ya ile kodi, kwa hivyo nikakaa siku 7 nikingoja.

Lakini si hiyo iliniuma. Iliyoniuma ni kwamba mtoto alijua kila kitu tangu ile dakika ya kwanza, na alinyamaza siku mbili nzima akiniangalia nikihangaika. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "ulisema nikiharibu simu yako nitakujua." Na kweli nilikuwa nasema hivyo, karibu kila siku, bila hata kufikiria.

Kwa hivyo mambo yote nitakayoandika hapa yanazunguka vitu viwili. Kwanza, simu haijui ni mtoto ameishika mpaka wewe uiambie. Pili, mtoto akikosea lazima awe na njia ya kukufikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ushauri mwingi utasoma mtandaoni umeandikiwa mzazi ambaye mtoto wake ako na tabuleti yake na akaunti yake. Huku kwetu mtoto anashika simu ya mamake, ya babake, ya dada wa nyumbani, ya shosho wakienda ushago Disemba. Apu zote kwa hiyo simu zinajua mwenye simu ni mtu mzima wa miaka 36, kwa hivyo zinamletea vitu vya mtu wa miaka 36: matangazo ya beti, video za usiku, watu wanaotafuta mchumba. Ulinzi wote kampuni zimeweka kwa ajili ya watoto unamruka, manake hakuna mahali ameandikwa kwamba yeye ni mtoto.

Anza na simu yako leo usiku

Kama Kiingereza cha kwa setingi kinakuchanganya, badilisha lugha ya simu iwe Kiswahili. Wengi hawajui Android iko nayo. Enda setingi, tafuta lugha, ongeza Kiswahili na uivute iwe ya kwanza, na WhatsApp nayo itafuata. Siku mbili tatu utaona kama maneno yamekaa vibaya, alafu utazoea, na utaanza kusoma yale maonyo ulikuwa unabonyeza tu kukubali ndio yatoke.

Alafu WhatsApp. Fungua zile nukta tatu juu kulia, ingia setingi, ingia akaunti, tafuta uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako ya namba 6. Ningekuwa nayo hiyo Jumamosi, ile kodi mtoto alisoma haingetosha. Na umweleze mtoto hii sheria kwa maneno machache kama unavyomweleza asivuke barabara bila kuangalia: namba ikiingia kwa meseji haisomewi mtu, hata akisema ni mwalimu, hata akisema ni mjomba. Ukiwa hapo hapo WhatsApp ingia praivasi, pale kwa grupu, uchague kwamba wenye wanaweza kukuongeza ni watu uko na namba zao tu. Kuna siku utaongezwa kwa grupu ya watu hamjuani ikiwa imejaa picha za uchi, na siku hiyo simu itakuwa kwa mkono wa mtoto.

M-Pesa. Hapa nasema kwa ukali kidogo kwa sababu naiona kila siku dukani kwangu. Mzazi anamtuma mtoto wa miaka tisa na simu, "enda ulipe, PIN ni hii." Huyo mtoto sasa ako na ufunguo wa pesa zako, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, juu, na akikutana na gemu inauza daimondi au kijana mkubwa wa mtaa anayemwonyesha kamchezo ka kandege kanapanda pesa zikiongezeka, unadhani atatumia nini? Beti ni ya miaka 18 kwenda juu kisheria, lakini akaunti ni yako na namba ni yako, kampuni itajuaje? Badilisha PIN, isiwe mwaka alizaliwa, na ukitaka alipe kitu mpe pesa taslimu. Play Store nayo, bonyeza picha yako pale juu, ingia setingi, uiambie idai paswadi kwa kila kununua. Hapo hapo utapata sehemu ya familia ya kuweka kikomo cha umri cha apu na gemu, na inafungwa na PIN.

Simu nyingi za Tecno na Infinix zinakuja na kifuli cha apu ndani yake. Tumia. Funga meseji, M-Pesa, WhatsApp, picha zako. Hii si kumficha mtoto vitu, ni kwamba wewe nawe uko na mazungumzo ya watu wazima humo ndani, na yeye hana haja ya kuyakuta akitafuta katuni.

Kitu kimoja cha bure ambacho karibu hakuna mzazi anakijua

Hii nimeshawawekea watu wengi na bado wanashangaa ni bure. Simu ya Android kuanzia toleo la 9 iko na mahali pa kuiambia ipitishe kila anwani ya intaneti kwa mlinzi fulani kwanza, kabla ukurasa haujafunguka. Ingia setingi, pale juu kwa kutafuta andika DNS, itakuja ile ya faragha, ibonyeze, uchague ile ya tatu ya kuandika jina mwenyewe, alafu uandike hivi bila nafasi na bila kukosea: family.cloudflare-dns.com. Seti, umemaliza. Kuanzia hapo tovuti nyingi za ngono na zile zinajulikana kubeba virusi hazifunguki, iwe uko kwa bando, iwe uko kwa WiFi ya plot. Jaribu mwenyewe mtoto akiwa amelala ujue imeshika.

Inakuwa na shida ndogo kwa hizi WiFi za kununua vocha ya masaa. Wakati mwingine ule ukurasa wa kuweka vocha unakataa kufunguka. Izime, ingia, alafu uirudishe. Na uelewe mipaka yake: haioni kilicho ndani ya WhatsApp, Telegram ama TikTok, na mtoto wa sekondari anaweza kuizima ama kuweka VPN, apu ya kupitisha intaneti njia nyingine, akairuka. Kwa mtoto mdogo anayeandika neno moja vibaya kwa Google akaangukia mahali hakutaka, inatosha sana, na hao ndio wengi.

YouTube, TikTok na umri wa uongo

Kwa mtoto mdogo usimpe YouTube ile yako. Weka YouTube Kids, ni apu tofauti, inakuuliza miaka ya mtoto, na unaweza kuzima kutafuta kabisa ama uchague wewe ni chaneli gani tu ataona. Hiyo ya kuchagua mwenyewe ndio naipenda zaidi manake video zinazojifanya katuni ni nyingi na mashini haizishiki zote. Kama lazima atumie yako ya kawaida, kwa setingi washa hali ya vizuizi na uzime ile ya kujichezea yenyewe video moja hadi nyingine. Hiyo ya kujichezea ndio huwa inampeleka mtoto mbali, ulimwacha kwa nyimbo za ABC, ukarudi kutoka kuanua nguo ukakuta amefika mahali huelewi amefikaje.

TikTok na Instagram ni miaka 13 kuendelea, WhatsApp pia. Sasa mimi najua, na wewe unajua, kuna watoto wa Grade 6 wamejaa huko. Na angalia kinachofanyika: mtoto wa miaka 11 anaandika amezaliwa 1999 ndio akubaliwe. TikTok iko na ulinzi mzuri kwa wadogo, aliye chini ya miaka 16 akaunti yake inaanza ikiwa imefungwa na meseji za moja kwa moja hazipo, na aliye chini ya 18 anawekewa dakika 60 kwa siku. Lakini huyu wa 1999 hapati hata moja kati ya hizo. Ulimwengu mzima unamwona ni mtu mzima, na mtu mzima akimwandikia usiku hakuna kinachomzuia.

Kwa hivyo kama hajafika 13, mimi msimamo wangu ni hapana, na namweleza kwa nini. Kama amefika na umemruhusu, kaa naye mfungue pamoja na mwaka wa ukweli, alafu wewe nawe uwe na akaunti yako, muunganishe kwa ile sehemu ya familia ya TikTok. Inaunganishwa kwa kuskani kodi ya QR, kale kapicha ka viboksi, dakika mbili, na kutoka kwa simu yako unaweka muda na unaamua mambo ya meseji. Instagram nao tangu 2024 wana akaunti za vijana, na aliye chini ya 16 hawezi kulegeza setingi bila mzazi. Zote hizo zinategemea ule mwaka wa kuzaliwa. Ukikuta mtoto ana akaunti ya zamani ya mwaka wa uongo, usipige kelele, ifuteni pamoja muanze upya.

Kama mtoto ana simu yake, mwekee Google Family Link. Unamfungulia akaunti ya mtoto, kila apu anataka inakuja kwako kuuliza ruhusa, simu inajifunga saa ya kulala, na unaona anatumia nini muda mrefu. Mwambie iko. Kuna wazazi wanakuja kuniomba niwawekee apu ya kusoma meseji za mtoto kwa siri, na mimi huwa nakataa, manake siku mtoto atagundua, na atagundua, hatakuambia kitu tena maisha yake yote.

Usiku simu hailali na mtoto. Kama mko bedsitter ilale juu ya kabati, ikichaji kando ya kitanda chako. Hii moja tu imepunguza mambo mengi kwa nyumba nyingi ninazozijua, kwa sababu wanaowatafuta watoto wanajua saa ambayo mama amelala.

Simu ambazo huzifikirii

Unaweza kufunga simu yako yote kama benki, na mtoto akitoka shule saa tisa anashika ya dada. Dada wa nyumbani anapika, mtoto analia, simu ndio inamnyamazisha, na mimi simlaumu, yeye pia amechoka. Kaa naye chini kwa heshima, simu ni yake si yako, mwombe, "tafadhali tuweke hii na hii, nitakununulia bando." Wengi hukubali na hata hufurahi kufundishwa. Mweleze pia zile sheria za mtoto, kwa sababu yeye ndiye anakuwa na mtoto masaa mengi kuliko wewe. Shosho naye, kabla ya kumpeleka mtoto likizo, chukua simu yake dakika kumi umwekee ile DNS, hatajua hata umeguza kitu.

Alafu kuna base ya PlayStation, na kuna saiba kama yangu. Ingia. Salimia mwenyewe, mwambie huyu ni wangu, anatoka saa kumi na mbili. Angalia nani wamekaa hapo, kama ni watoto rika moja ama kuna wanaume wazima wanawalipia watoto gemu. Mwenye base akijua mzazi anapita, anakuwa macho zaidi.

Na kuna grupu za darasa. Walimu wanatuma homuwaki kwa WhatsApp, mtoto anahitaji simu, sawa. Lakini grupu ya wazazi iwe ya wazazi. Nimeona grupu za Grade 6 ambazo watoto wameanzisha wenyewe na namba za mama zao, mia na kitu ndani, na hakuna anayejua zile namba tatu za mwisho ni za nani. Muulize mtoto wako admini ni nani. Kama hajui, atoke.

Picha tunazoweka sisi wenyewe

Siku ya kwanza ya shule kila mtu anaweka picha ya mtoto ako na yunifomu mpya. Mimi pia niliweka miaka mingi. Sasa ikuze hiyo picha uisome kama mtu usiyemjua: beji ya shule inasomeka, namba ya basi nyuma inasomeka, umeandika jina lake lote na "mtoto wangu anafikisha 7 leo." Mtu akienda pale geti jioni akamwita kwa jina, akamtajia siku yake ya kuzaliwa, akamwambia mama amenituma, mtoto atakataa vipi?

Weka picha kama unataka, lakini funika beji, usitaje shule, zima lokesheni kwa kamera, na kama mko mahali, weka mkishatoka. Shule nazo lazima zikuombe ruhusa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja hapa Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila kuuliza wazazi. Kwa hivyo usiogope kumwandikia mwalimu mkuu, "wangu msimweke Facebook." Ni haki yako.

Kuongea naye, na kuangalia

Sisi tunajua kuwaambia watoto wasiongee na watu wasiowajua. Shida ni kwamba mtu mmecheza naye gemu wiki tatu, anakuita bro, anakupigia makofi ukishinda, kwa akili ya mtoto huyo si mgeni tena. Na wakati mwingine kweli si mgeni. Utafiti mkubwa uliofanywa hapa Kenya na UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa mashirika ya kupinga watoto kunyanyaswa kingono, ukatolewa 2021, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemnyanyasa mtoto mtandaoni ni mtu mtoto anamjua tayari, wa familia au wa mtaani. Kwa hivyo usimfundishe kuhusu watu, mfundishe kuhusu maombi. Mtu yeyote, hata mjomba, akisema "usimwambie mama," njoo uniambie. Akiuliza uko na nani nyumbani saa hii, njoo. Akitaka mtoke kwa gemu muende WhatsApp, akitaka picha, akikutumia bando ama kredo bila sababu, njoo. Hayo matano mtoto wa miaka minane anashika vizuri.

Na usiyaseme siku moja kwa kikao. Mimi yetu tunaongea nikikata sukuma, yeye amekaa hapo kwa stuli, namuuliza leo umecheza na nani, alikuwa mzuri ama mbaya, nifundishe hii gemu. Nilipocheza naye mara ya kwanza nikauliwa ndani ya sekunde chache, alicheka mpaka akaanguka, na tangu hiyo siku ananiletea hadithi za huko mwenyewe.

Wewe nawe angalia. Mtoto ako na bando na hujanunua. Ako na laini ya simu hujui imetoka wapi. Anageuza skrini ukiingia, ameacha kula, hataki shule ghafla, ama anaruka kila simu ikilia. Moja peke yake inaweza kuwa ni ujana tu, lakini zikija mbili tatu pamoja, usingoje.

Ikishatokea

Mzee mmoja aliingia kwangu na binti yake, kidato cha kwanza. Kuna mtu alimdanganya mtandaoni ni kijana wa rika lake, akamfanya amtumie picha za uchi, sasa anataka pesa ama atazituma kwa shule nzima. Mzee mkono ulikuwa unatetemeka, alikuwa ameshika simu tayari kufuta kila kitu na kuivunja. Msichana alikuwa anaangalia sakafu. Nilimwomba mzee anipe hiyo simu kidogo, nikawavutia viti, nikafunga mlango wa duka.

Usifute. Hiyo ndio ya kwanza. Piga skrinshoti za vitisho, namba, jina la akaunti, tarehe, na namba ya M-Pesa anayotaka utumie. Lakini ile picha ya mtoto yenyewe usiikopi, usiitume kwa mtu, hata kwa ndugu yako ili akushauri, hata kwa mwalimu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa la hadi miaka 25 jela ama faini ya hadi milioni 20, ama zote mbili. Huyo anayetisha ndiye sheria inamtafuta, usijiweke wewe kwa hiyo njia.

Usilipe. Ukilipa mara moja amejua unaweza, na anarudi. Usimjibu tena, ukishamaliza skrinshoti mripoti ndani ya hiyo apu alafu umbloki.

Piga 116. Hiyo ni laini ya Childline Kenya, ni bure, iko wazi saa 24, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Watakusikiliza, watakuelekeza, na wako na washauri wa kuongea na mtoto. DCI, wale wapelelezi wa polisi, nao wako na laini ya bure 0800 722 203, na wana kitengo maalum cha kulinda watoto. Enda pia kituo cha polisi, uliza dawati la jinsia, na usitoke bila namba ya OB, ile inaonyesha kesi yako imeandikwa kwa kitabu cha polisi. Ukiambiwa "hayo ni mambo ya simu, mnyang'anye tu," wataje Sheria ya Watoto ya 2022 na ile ya 2018, uombe kuongea na mkubwa wa kituo.

Kwa picha yenyewe kuna huduma inaitwa Take It Down, takeitdown.ncmec.org, ni bure na ni ya picha ulizopigwa ukiwa chini ya miaka 18. Nilipenda vile inafanya kazi: picha haitoki kwa simu yako. Inatengenezewa alama kama ya kidole, na alama hiyo ndio inapelekwa kwa kampuni kama Meta, wenye Facebook na Instagram, na TikTok ili mtu akijaribu kuiweka, itambulike na itolewe. Tuliifanya na yule binti pale pale, yeye ndiye alibonyeza, babake aligeuka akaangalia barabarani. Kama ni picha ya kutengenezwa na kompyuta, uso wa mtoto wako juu ya mwili wa mtu mwingine, usiseme si yeye basi haina neno. Ripoti vile vile.

Mwambie mtoto maneno haya siku hiyo hiyo, hata kama moyo wako unachemka: hujafanya kosa, aliyekosa ni yeye, na umefanya vizuri kuniambia. Mkasiriko wako upeleke kwa rafiki yako, kwa mchungaji, kwa imamu, popote, si kwake. Ukimpiga, watoto wengine wa hiyo nyumba wanaangalia wakijifunza ni nini hutokea ukisema ukweli.

Na simu, utaichukua siku chache mambo yatulie, anahitaji kulala bila kusikia inalia. Lakini mpe siku ya kuirudisha na uitimize. Yule mzee alisema wiki mbili. Alipokuja kuchukua kopi za OB alikuwa na binti yake, wakaniomba niwaonyeshe wote wawili ile sehemu ya praivasi, mzee akiandika hatua kwa daftari ndogo na kalamu, polepole, akimuuliza binti, "hii imeandikwa nini hapa?"